Bwawa la Rwenkende: Nani Kachukua Usukani wa Lango?

Wiki nane sasa nawasimulia habari za bwawa hili, na kuanzia Bukoba mjini mpaka Muleba hakuna msomaji hata mmoja aliyeweza kubahatisha kitakachofuata. Isipokuwa Mwajuma wa Ijuganyondo, ambaye hubahatisha kila wiki. Na mume wake. Na juzi fundi viatu wa sokoni alinisimulia mwisho wa hadithi yangu kabla mimi mwenyewe sijaufikia, tena wake ulikuwa mtamu kuliko wangu.

Basi tusijisifu. Twende, maji hayangoji mtu.

Tulimwacha Annastella juu ya ukuta wa bwawa, Jumamosi saa tatu asubuhi, mvua inamchapa mgongoni, mkono ameunyoosha ashike usukani wa lango. Mkono ukashika hewa.

Usukani haupo.

Kwa wewe uliyefungiwa vitumbua na gazeti hili na sasa ndiyo kwanza unaanza kusoma: Annastella ndiye mwendesha mtambo mdogo wa umeme wa kijiji cha Rwenkende. Mto Kanyamaizi umezuiwa kwa ukuta wa mawe, kimo chake nyumba mbili. Maji yanashuka kwa bomba, yanazungusha mtambo, taa zinawaka. Mvua ikizidi, yana njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni mkato ulioachwa juu ya ukuta, upande wa kulia, yanamwagika yenyewe. Ya pili ni lango la chuma huko chini, na hilo halifunguki mpaka uzungushe usukani, chuma cha mviringo chenye upana wa mfuniko wa sufuria ya harusi.

Mkato ulikuwa umezibwa kwa mbao. Usukani umeondoka. Na mvua imenyesha usiku kucha bila kupumua.

Annastella alipima kwa mkono. Kutoka maji mpaka ukingo wa ukuta, shubiri moja.

Jana alasiri aliupaka usukani ule grisi mpya, kwa mikono yake, akanawa kwa mafuta ya taa maana grisi ile sabuni haiijui, akaenda kulala na roho nyeupe. Leo kimebaki chuma chenye meno kilichokuwa kinaushikilia, kinameta kwa weusi, uchi.

"Dada, umeamkaje?"

Aligeuka. Shaban, mfanyabiashara wa senene, wale panzi wa kuliwa, kutoka mtaa wa Bakoba mjini, anakuja juu ya ukuta kwa koti la mvua la njano, macho mekundu kama ya mtu aliyemlilia ng'ombe wake. Msimuonee huruma. Ni taa zile kubwa za kutegea senene, ukisimama nazo wiki mbili hata mtakatifu macho yanaiva.

"Shaban, mbao hizi ni za nani?"

"Mbao zipi, dada?"

"Hizo ulizozikanyaga."

Shaban akatazama chini kama mtu anayeonyeshwa miguu yake kwa mara ya kwanza.

"Hizi," akasema, "ni zetu kidogo."

"Zenu wewe na nani?"

"Na mwenyekiti."

Mwenyekiti wa kamati ya umeme ni Ta Rutaihwa, na huyo hapo anakuja nyuma, taratibu, chini ya mwavuli, anakanyaga ukuta kana kwamba ameujenga yeye. Hakuujenga. Ukuta ule ulijengwa na marehemu Kahigi, baba yake Annastella, jiwe kwa jiwe.

"Mwanangu, usipandishe sauti," alisema Ta Rutaihwa. "Taa nane zilikuwa zinasinzia. Senene haji kwenye taa inayosinzia. Tukasema tuongeze maji kidogo, mtambo upate nguvu. Wewe tungekuuliza ungekataa."

"Kwa nini ningekataa?"

Ta Rutaihwa akatazama maji. Yalikuwa yamekaribia viatu vyake.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Kwa sababu hiyo."

Na mimi niseme neno langu kuhusu senene, nikimbie. Zamani sisi wanawake tulikuwa tunawakamata, tunawanyonyoa, tunawakaanga, halafu tunaambiwa kuwala ni mwiko wetu. Haukuwa mwiko, ulikuwa uchoyo. Lakini sikupata kusikia mwanamume aliyeziba mto kwa ajili yao, mpaka umeme ulipokuja kutuelimisha.

"Na usukani?" Annastella aliuliza. "Mmeupeleka wapi?"

"Usukani gani?" walijibu wote wawili, na walijibu vibaya, kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Shaban."

"Wallahi, dada, sijaugusa. Gari langu lile pale, chini ya ukuta. Mimi niibe usukani halafu niegeshe gari langu chini ya maji?"

Annastella alilitazama gari. Pikapu nyeupe, imejaa mabati na mapipa ya senene, chini kabisa, mahali ambapo maji yangefika kwanza. Mtu muongo hawezi kuegesha hivyo. Kama si Shaban, basi hakujua ni nani, na kutokujua kulimtisha kuliko maji.

"Tung'oe mbao," alisema Ta Rutaihwa. "Zimewekwa na mkono, zitatolewa na mkono."

"Usiziguse, waitu," Annastella alimsihi mzee. "Maji yamezikaza. Ukitoa moja zinaondoka zote, na mto mzima unaangukia pale kwenye kitako cha ukuta. Pale panapovuja."

"Panavuja tangu siku ya kwanza pale."

Ni kweli. Kitako cha ukuta, upande wa kulia, kilikuwa kinatoa machozi tangu bwawa lijengwe. Maji kidogo, safi, Annastella huyakinga kwa kiganja na kuyanywa akiwa na kiu. Marehemu Kahigi hakuyaogopa. Alikuwa akisema ukuta usiovuja hata tone ni ukuta unaokuficha kitu. Lakini alisema na jambo jingine, alilisema kila mara mpaka mke wake na binti yake wakalijua kama sala: maji safi yanatoka bwawani, maji ya tope yanatoka ndani ya ukuta. Siku yakibadilika rangi usisimame kuhesabu.

Annastella alishuka ngazi za mawe mbio, mkono mmoja ukutani. Akachutama. Akakinga kiganja.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Akayaacha yachuruzike. Kwenye kiganja zikabaki chembe za mchanga, na kipande cha udongo wa zamani, mweupe, ule ambao baba yake alikuwa akiushindilia kati ya mawe na yeye akiwa mtoto anamletea maji ya kunywa.



"Dada?" Shaban aliita kutoka juu. "Yakoje?"

"Lete spana ya bomba."

Annastella akapanda tena, wakajaribu kulizungusha lango bila usukani. Shaban akaking'ata kile chuma kwa spana, Annastella akamshika kiuno asiteleze, Ta Rutaihwa akawashikia mwavuli, jambo ambalo halikumsaidia mtu. Spana ikashika, ikalia, ikateleza kwenye grisi, ikamrudisha Shaban chali. Mara ya pili ikateleza tena na kunyoa ncha za meno ya chuma.

"Acha," Annastella alisema. "Ukiyamaliza meno, hata usukani ukipatikana hautashika."

Alipima tena. Vidole vinne.

Hapo ndipo alipoacha kuwa mwendesha mtambo, akawa mtoto wa mtu. Maana chini ya bwawa zipo nyumba kumi na nne, na nyumba ya kwanza kabisa, hatua mia mbili kutoka ukutani, ni ya Ma Joviana, mama yake mzazi.

"Shaban, mwaga senene wako, gari libebe watu. Pita nyumba kwa nyumba, wapandishe watu shuleni. Ta Rutaihwa, simama kwenye kengele. Maji yakigusa ukingo, piga, na usiache kupiga."

"Nimwage pipa sita?" Shaban aliuliza.

Annastella hakumjibu, alimtazama tu. Senene wakamwagwa.

Kengele ya Rwenkende ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye tawi, na Ta Rutaihwa aliishika nondo yake kwa mikono miwili kama anayetaka kuua nyoka. Mwavuli aliutupa. Ndipo Annastella alipojua kwamba mzee naye anaogopa.

Alikimbia. Migomba ilimpiga usoni kwa majani yaliyolowa, akaanguka mara moja, akainuka na goti linawaka, hakulitazama. Kulia kwake mto ulikuwa unanguruma ndani kwa ndani, kama mtu anayejizuia kusema.

Nyumbani kwa Ma Joviana hapakuwa na dalili ya mtu anayekimbia popote. Uani, mtumbwi wa kukamulia ndizi umefunikwa majani, pombe ya lubisi inachacha humo ndani, siku ya pili. Sebuleni nyasi mbichi zimetandazwa chini, zinanukia, kama nyumba inayongoja wageni. Katikati ya nyasi kuna mkeka, na juu ya mkeka Ma Joviana ameketi, miguu ameinyoosha, mgongo wima. Leo alionekana ameketi juu kidogo kuliko siku zote, kama askofu.

"Mama, inuka twende."

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, mama. Inuka."

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo, bojo? Kaa. Tafuna kahawa kwanza." Akanyoosha kiganja chenye punje za kahawa kavu. "Mgeni hatoki kwangu kinywa kitupu."

"Mimi si mgeni."

"Anayekaa hatua mia mbili na kuja Jumapili kwa Jumapili ni nani? Tafuna."

Annastella alizichukua, akazitia kinywani, kwa kuwa kubishana na Ma Joviana juu ya kahawa kunachukua muda mrefu kuliko kuitafuna.

"Bwawa linakatika, mama. Sisemi litakatika mwakani. Sasa hivi. Inuka, nitakubeba."

"Umbebe nani? Kesho ni misa ya baba yako, mwaka wa tatu. Padre anakuja. Ndugu zake wa Kashozi wanakuja, na wakifika kwangu wakakuta lubisi haijachujwa watasema Kahigi aliacha mjane mvivu. Siendi mahali."

"Hakutakuwa na nyumba ya kufikia."

"Maji yako nayajua," alisema Ma Joviana, na hapo sauti yake ikawa ndogo. "Mwaka jana ulifungua lango lako, ukasema ni kidogo tu. Yakapita kwenye kibanja, yakapanda kaburini kwa baba yako, yakachukua msalaba. Niliukuta darajani. Mtu ameanikia shati."

"Nilikuomba samahani, mama."

"Uliniomba mimi. Na yeye?"

Kupitia dirishani kaburi lilionekana, pale mwisho wa kibanja ambako watu wetu wote hulala, katikati ya migomba waliyoipanda. Msalaba mpya, umepakwa chokaa kwa ajili ya kesho. Na mto ukingoni mwake ulikuwa umeshageuka tope, unalamba majani ya chini ya migomba, unarudi, unalamba tena.

Annastella akaendelea kutafuna. Kahawa iliyokuwa kinywani ilikuwa na ladha.

Mafuta ya taa.

Akanusa vidole vyake. Mafuta ya taa. Lakini yeye alinawa jana, na leo amelowa mvua mpaka kwenye mifupa. Basi harufu ile haikutoka kwenye mkono wake, ilitoka kwenye kiganja kilichomkaribisha. Na nyumba hii haikuwa na kibatari tangu umeme uingie. Kibatari cha mwisho Ma Joviana alimpa jirani, akatangaza mpaka kanisani kwamba amempa jirani.

"Mama, mafuta ya taa umeyatoa wapi?"

"Yapi?"

"Uliyonawia mikono."

"A, hayo. Nilikuwa nafukuza siafu."

"Siafu wako wapi?"

"Si nimekwambia nimewafukuza."

"Jana jioni ulikwenda wapi?"

"Mimi?" Ma Joviana akacheka kidogo, akaipapasa miguu yake kama anayeonyesha mzigo. "Na miguu hii? Bwawani sijapanda tangu Pasaka. Hata kusimama kwenyewe mpaka nishikwe mkono. Imekufa miguu, mwanangu. Wewe hujui kwa sababu huji."

"Sikukuuliza kama ulipanda bwawani."

Ma Joviana akatia punje ya kahawa kinywani, akaitafuna kwa bidii.

"Mama. Usukani uko wapi?"

"Wa gari?"

Annastella alipiga magoti kwenye nyasi.

"Maji yamebadilika rangi," alisema.

Taya ya Ma Joviana ikasimama.

"Rangi gani?"

"Ya chai ya maziwa. Na mchanga ndani yake. Na ule udongo mweupe wa baba."

Mvua ilikuwa inapiga bati kama mahindi yanayomwagwa. Ma Joviana alitazama dirishani, kule kwenye msalaba wa chokaa, akatazama mikono yake.

"Baba yako alisema," alianza, akaacha.

"Alisema nini?"

"Alisema mengi. Alikuwa na maneno mengi yule mtu."

"Mama, nisikilize. Lango likifunguliwa, maji yatapanda kaburini, siwezi kukudanganya. Yatachukua msalaba, na udongo wa juu labda. Lisipofunguliwa, ukuta unakuja wenyewe. Unachukua kaburi, na nyumba, na watu walioko chini huko, Shaban hatawamaliza. Na wewe. Na mimi, kwa sababu wewe usipoinuka, mimi sitoki hapa. Padre akija kesho atatusomea watatu kwa misa moja."

"Usiseme hivyo."

"Basi niambie."

Midomo ya Ma Joviana ilitetemeka. Annastella aliona, na kwa muda wa pumzi moja aliamini limekwisha. Lakini mtu aliyeshika uongo tangu jana jioni, akalala nao, akaamka nao, hauachi kirahisi. Anauona kama ni wake, ameuzaa.

"Kamuulize huyo wa senene," alisema. "Mimi sijui. Ningekuwa najua ningemficha nani, mtoto wangu wa pekee? Naapa mbele ya baba yako aliyelala pale. Sijaushika, sijauona, na kama ningeuona nisingeweza kuubeba. Na miguu hii."

Kengele ikalia.

Mara moja, kavu, kama kitu kilichovunjika. Halafu ya pili. Halafu ikawa haihesabiki, chuma juu ya chuma, na katikati yake sauti ya Ta Rutaihwa inaita jina la Annastella kutoka juu kule, sauti ya mzee aliyesahau kwamba ni mwenyekiti.

Maji yamegusa ukingo.

Na miguu ya Ma Joviana, iliyokufa tangu Pasaka, ikafufuka yote miwili bila kungoja padre. Hakushikwa mkono. Hakuegemea kitu. Aliruka kutoka mkekani, akapita juu ya bega la binti yake aliyepiga magoti, akawa mlangoni kabla Annastella hajageuza shingo.

Mkeka ukabaki peke yake. Katikati palikuwa na nundu ya mviringo, upana wa mfuniko wa sufuria ya harusi.

Annastella aliushika mkeka kwa pembe, akauvuta. Chuma kikatokea kwenye nyasi mbichi, cheusi, kinameta kwa grisi ya jana, na alama ya vidole vinne vyembamba vya mama yake imebaki juu yake kama kwenye unga.

Nje kengele haikunyamaza.

Alikiinua kwa mikono miwili, akakikumbata kifuani, akasimama, akamtazama mama yake. Hatua mia mbili, za kupanda, na katikati yake mlango, na mlangoni mtu.

Ma Joviana, mkono mmoja kwenye mwimo, naye aliutazama ule usukani. Aliutazama sana, kama anayejaribu kukumbuka jina la mgeni.

"Huyo wa senene," akasema hatimaye, "kauweka hapo saa ngapi, na mimi nilikuwa nimeukalia?"